Kumlegezea mtoto kamba bila kumwachia

Mtoto anayebanwa kila saa hutulia, ila mbele ya anayembana tu. Mwaka 1965 mwanasaikolojia wa Marekani, Jonathan Freedman, alichapisha jaribio la wavulana waliokatazwa kugusa roboti ya kuchezea. Wengine walitishwa vikali, wengine waliambiwa tu kuwa si vizuri. Siku ile karibu wote waliiacha. Wiki kadhaa baadaye, palipokuwa hapana makatazo tena, wengi wa waliotishwa waliichezea. Wengi wa wale wengine hawakuigusa.

Kwa mtoto wa miaka 10 hadi 14, weka sheria zisizozidi tatu: kuaga (anakwenda wapi, na nani), saa ya kurudi, na simu usiku. Kila moja iwe na sababu ya sentensi moja. "Kwa sababu nimesema" si sababu.

Kisha legeza kidogo kidogo. Anarudi saa 11:30 jioni? Akitimiza wiki mbili mfululizo, mwongezee nusu saa. Akichelewa bila taarifa, punguza nusu saa hiyo kwa wiki moja, basi. Usifute ruhusa yote: asiyebakiwa na kitu hana cha kulinda, na hapo ndipo uongo unapoanzia. Dakika tano zisikutoe povu.

Simu zote, za wazazi pia, zichajiwe sebuleni kuanzia saa 3 usiku. Ukitaka kukagua yake, mwambie mapema utakagua nini na lini. Kupekua kwa siri kubaki kwa hatari ya kweli: mtu mzima asiyejulikana anamwandikia, anatishwa, au ana dalili za kutaka kujidhuru.

Panapoharibika zaidi ni kumwadhibu aliyesema kweli. Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr walitoa utafiti wa vijana 703 wa miaka 14 nchini Sweden: wazazi waliojua mengi walijua hasa kwa kuwa watoto walisema wenyewe, si kwa kuwafuatilia. Kwa hiyo akisema, "Mama, leo tulipitia mtoni," mshukuru, uliza maswali mawili, hukumu iache hadi kesho. Ukifoka hapo hapo, safari ijayo utaambiwa alikuwa kwa rafiki wakifanya hesabu.

Wa miaka mitatu anayekimbilia barabarani ni habari nyingine. Huyo mshike mkono.