Anza na Daftari la Duka: Namna ya Kubuni na Kujaribu Programu ya Biashara

Mwongozo huu unamhusu mtu anayetaka kutengeneza programu ya mauzo na stoo kwa ajili ya biashara za Nairobi, na mfano nitakaoutumia ni duka la vifaa vya ujenzi. Nimelichagua kwa sababu huko ndiko nilikoharibu kazi yangu ya kwanza. Nilikutana na mwenye duka mara tatu, nikaandika kila alichosema anakitaka, nikamletea mfumo wenye ripoti za kupendeza. Wiki mbili baadaye nilikuta kompyuta imeegemezwa kalenda, na keshia anaandika mauzo kwenye daftari kama zamani. Mwenye duka ndiye aliyelipa, lakini aliyepaswa kuutumia mfumo saa moja asubuhi, mafundi saba wakiwa wamejazana kwenye kaunta, hakuwa ameulizwa neno.

Kwa hiyo, kabla hujaandika hata mstari mmoja wa msimbo, nenda ukakae dukani. Omba ruhusa ya mwenyewe, umweleze pia keshia kwamba hukuja kumchunguza yeye, kisha uketi nyuma ya kaunta kwa nyakati tatu zisizofanana: asubuhi mafundi wanapochukua vifaa kabla ya kwenda kwenye mjengo, jioni hesabu inapofungwa, na mwisho wa mwezi madeni yanapodaiwa. Mchana huwa hakuna mengi ya kuona. Huo ni wakati wa kwenda kula.

Tazama mauzo moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Fundi anaingia na kuagiza kilo mbili za waya wa kufungia nondo, kilo moja na nusu ya misumari ya inchi nne, na kopo la rangi la lita nne. Jumla ikishapigwa, anampigia simu bosi wake aliye Kitengela, naye analipa kwa Lipa na M-Pesa. Ujumbe unaoingia kwenye simu ya duka una jina la bosi, si la fundi, na kiasi kimezidi kwa shilingi 300 kwa sababu bosi ameongeza salio la juzi. Jioni fundi anarudi na nusu kilo ya misumari iliyobaki, anaomba abadilishiwe kwa msasa. Ndani ya mauzo hayo mna mchukuaji, mlipaji, deni la zamani na bidhaa iliyorudi. Ukibuni skrini inayodhani kwamba anayechukua ndiye anayelipa, na kwamba kinacholipwa hulingana na risiti, utakuwa umebuni duka ambalo halipo.

Ukishatazama, omba kulisoma daftari. Usiishie kwenye safu zilizochorwa kwa rula, angalia pembezoni: jina lililozungushiwa duara, mshale unaokwenda ukurasa wa nyuma, maneno "bado 300" yaliyoandikwa kwa wino mwekundu. Kila alama ya namna hiyo ni hitaji ambalo hakuna atakayekutajia kwenye mkutano, kwa kuwa kwao ni jambo la kawaida mno. Nakili mpangilio wake kwa mkono bila majina wala nambari za simu. Wadaiwa waliomo humo wanalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na picha ya ukurasa mzima ikikaa kwenye simu yako ni mzigo usiouhitaji.

Maswali yako nayo yaulizie yaliyokwisha kutokea. Ukimwuliza keshia kama angependa kitufe cha kurudisha bidhaa, atakujibu ndiyo kwa adabu tu, maana si rahisi kumvunja moyo mgeni aliyekuja na kompyuta yake. Mwambie badala yake akusimulie mara ya mwisho bidhaa iliporudi: nani alileta, fedha zilitoka wapi, na nani alikasirika. M-Pesa yenyewe ina historia ya kuwatazama wateja kwa namna hii. Majaribio yake ya 2005 yalilenga kuwawezesha wakopaji wa mikopo midogo kulipa marejesho kwa simu, lakini watu walionekana wakitumiana fedha wao kwa wao, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikowekwa mbele.

Sasa andika mahitaji kama matukio. "Mfumo uwe na sehemu ya malipo" ni sentensi isiyoweza kujaribiwa. "Bosi amelipa zaidi ya risiti ya fundi, na ziada ipunguze deni lake" inaweza. Zingatia sana vipimo. Waya wa kufungia huingia kwa roli ya kilo 25 na kutoka kwa kilo au nusu kilo, kwa hiyo hifadhi stoo kwa kipimo kidogo kabisa, yaani gramu nzima zisizo na desimali, halafu mwache muuzaji aguse "nusu" au "robo" kama anavyotamka. Majina ya bidhaa yawe yale yanayosemwa kaunta. Katalogi ya msambazaji haimsaidii mtu anayetafuta misumari ya nne.

Jaribio la kwanza lifanyike kwa karatasi. Chora skrini, umpe keshia, acha aguse kwa kidole, nawe ubadilishe karatasi. Kosa unalolifuta kwa kifutio ni rahisi kuliko lililokwisha kuingia kwenye hifadhidata. Baadaye hamia kwenye simu ileile itakayotumika dukani, hata kama kioo chake kimepasuka. Mpe mtu kazi ya kufanya, kwa mfano kuuza na kurudisha ile misumari, kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote. Mimi huweka kalamu mdomoni. Mtu akikwama, usimwonyeshe, andika alipokwama na alichodhani kingetokea. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, ameshauri kwa miaka mingi kwamba watumiaji watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya matumizi, kisha urekebishe na ujaribu tena, na uzoefu wangu haujanipa sababu ya kumpinga.

Kisha haribu mambo makusudi. Zima mtandao katikati ya mauzo, chomoa stima, bonyeza kitufe cha kuhifadhi mara mbili, chelewesha ujumbe wa malipo kwa dakika kumi. Msimbo wa muamala wa M-Pesa, wenye herufi na tarakimu 10, usikubaliwe kuingizwa zaidi ya mara moja, la sivyo ujumbe wa jana utalipia mzigo wa leo. Jaribu pia ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya: tangu 1 Januari 2024, kwa jumla, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki haikubaliwi katika hesabu ya kodi ya mapato, hivyo bosi ataidai ikiwa na PIN ya kampuni yake, yaani nambari ya mlipakodi, na fundi aliye mbele yako haijui nambari hiyo. Lazima mfumo uruhusu mauzo yasubiri PIN bila kuzuia foleni.

Mwisho, endesha programu sambamba na daftari kwa mwezi mzima, ukilinganisha jumla mbili kila jioni na kutafuta chanzo cha kila tofauti kabla duka halijafungwa. Usilichukue daftari, ngoja liachwe lenyewe. Katika duka nililoliharibia mara ya kwanza, toleo la pili lilipofikisha miezi miwili, daftari lilikuwa limebaki na kazi moja tu, kuandika vitu ambavyo wateja wameuliza na duka halina, na hicho ndicho kipengele tulichokitengeneza baadaye.