Jinsi ya kuchagua ditekta ya popo ya bei nafuu kwa bustani yako (uzoefu wangu wa Kigoma)

Habari zenu wakuu. Mi nakaa Katubuka, Kigoma mjini, nyuma ya nyumba nina migomba, mipapai na mwembe mmoja mkubwa, na huu ni mwaka wa nne karibu kila jioni natoka nje kusikiliza popo. Wanaoniuliza wanunue kifaa gani wote wanaanza na bei. Mi nawaambia bei iwe swali la mwisho, la kwanza ni popo gani wanapita hapo kwako, mana ditekta (kifaa cha kusikilizia popo) nzuri kwa popo wa jirani inaweza isisikie hata mmoja wa kwako.

Hatua ya 1: Kaa nje jioni tatu bila kifaa chochote

Huku kwetu jua linachelewa, Dar wameshawasha taa sie bado kweupe, kwaiyo toka kwenye saa 1 jioni ukae mpaka saa 2. Angalia wanatokea wapi. Wakichomoka chini ya bati mmoja mmoja halafu wakapaa juu kwa spidi bila kuzungukazunguka, mara nyingi hao ni wale wadogo ambao mkia umechomoza nje ya utando, wanapenda sana mapaa ya nyumba, na sauti yao iko kwenye kilohezi 25 hivi (kilohezi ni kipimo cha sauti, namba ikipanda sauti ni nyembamba zaidi). Halafu nenda kwenye migomba, tafuta lile jani changa ambalo bado limejikunja kama bomba. Humo ndani analala popo mdogo kuliko kidole gumba chako, akitoka anazunguka palepale kwenye migomba, huyu sauti yake iko juu, kama 70. Kuna na wa rangi ya njano njano tumboni wanaoishi pia kwenye majumba, wao wako 30 na kitu mpaka 40 na kitu.

Wale wakubwa wanaokula maembe na mapapai waache pembeni. Wengi wao wanatumia macho na pua, hawapigi hizi sauti za juu, na lile dume linalogonga usiku kucha kama mtu anapiga chuma polepole unalisikia kwa masikio yako bure. Usinunue kifaa kwa ajili yao.

Hatua ya 2: Linganisha namba zako na za kifaa

Sikio la binadamu linaishia kilohezi 20, na ukishakuwa mtu mzima ni chini ya hapo. Ditekta kazi yake ni kuishusha sauti ya popo mpaka uisikie. Sasa kwenye maelezo ya kifaa tafuta inaanzia kilohezi ngapi inaishia ngapi. Nyingi za bei ya chini zinaishia 120 au 130, na kwa bustani inatosha kabisa. Ila kama una shimo la zamani, kisima kikavu au stoo yenye giza ambayo popo wananing'inia, kuna mmoja mwenye pua kama jani anayepiga kwenye 140 hivi, huyo ditekta hizo hazimfikii.

Hatua ya 3: Kama unaanza, chukua heterodaini yenye kitufe cha kuzungusha

Hii ndo aina ya bei nafuu kuliko zote, mfano Magenta Bat 4 ya Uingereza. Inafanya kazi hivi: yenyewe ndani ina sauti yake, inachanganya na ya popo, wewe unasikia tofauti. Ukiweka 45 na popo yuko 47 unasikia kilohezi 2, mlio wa kawaida kabisa. Maana yake inasikia kipande tu, kama kilohezi 5 juu na 5 chini ya pale ulipoweka, ndo mana kitufe cha kuzungusha ni lazima.

Hili nalisisitiza kwa sababu limeniumiza. Kifaa changu cha kwanza nilikiagiza mtandaoni kwa muuzaji fulani, kimeandikwa ditekta ya popo, bei ndogo, hakina kitufe. Nikasimama chini ya mgomba, popo nawaona kwa macho wanatoka kwenye jani, mita mbili tu, kifaa kimya. Wiki nzima hivohivo, nikadhani kimeharibika njiani. Kuja kukifungua ndani kuna kale kasensa ka duara ka 40, kale wanakotumia kwenye vifaa vya kupimia umbali, kanasikia 40 na jirani zake tu. Popo wangu wa mgomba yuko 70, wa bati yuko 25, wote wawili wako nje. Kwaiyo muuzaji akikwambia "inasikia popo wote" na kifaa hakina kitufe wala hakirekodi, muulize ni kilohezi ngapi mpaka ngapi, akishindwa kujibu achana nae.

Hatua ya 4: Programu za simu peke yake usilipie

Maiki ya simu nyingi inarekodi sampuli 48,000 (yaani inaipima sauti mara 48,000) kwa sekunde, na sauti ya juu kabisa inayoweza kushika ni nusu ya hapo, yaani kilohezi 24. Hata popo wa bati wanaponyoka hapo. Simu inafaa ukichomeka maiki maalum chini, kama Echo Meter Touch 2, inakuchorea sauti kwenye kioo, ila bei inapanda.

Hatua ya 5: Kama unataka kurekodi, angalia AudioMoth

Mi sa hivi ndo natumia hii. Ni bodi ndogo ya kurekodi sauti, saizi ya kadi ya benki, betri tatu za AA, memori kadi, basi. Inafika sampuli 384,000 kwa sekunde, maana yake kilohezi 192, hata yule wa 140 anaingia. Unaiacha kwenye mti usiku, asubuhi unafungua faili kwenye kompyuta kwa Audacity, programu ya sauti ambayo ni bure, unapunguza spidi mara kumi unasikia. Jiandae na memori: saa moja mfululizo inakula karibu GB 2.8, kadi ya GB 32 inajaa kabla masaa 12 hayajaisha, kwaiyo ipangie irekodi saa 1 mpaka saa 4 usiku tu. Ubaya wake, ukiiacha mtini husikii chochote papohapo, na mtoto aliyekaa pembeni yako anataka kusikia sasa hivi. Kama una watoto anza na heterodaini.

Hatua ya 6: Ijaribu siku hiyohiyo inapofika

Heterodaini iweke 40, tikisa funguo mita mbili au sugua vidole karibu na maiki. Lazima ikwaruze. Halafu zungusha taratibu toka chini mpaka juu huku unaendelea kutikisa, ikinyamaza kabisa sehemu kubwa irudishe.

Jioni zima taa za LED na chaja zilizo karibu, zinatoa kelele ambayo utadhani ni kifaa kibovu. Nyenje na panzi nao wanapiga kelele sana hasa masika, wao mlio ni mmoja unaoendelea palepale, popo anapita: tak tak tak, anakaribia, anaondoka. Ukisikia zile tak zimekimbizana mpaka zikawa brrrp moja, hapo amekamata mdudu. Mvua za kwanza kumbikumbi wakitoka kwenye taa ya nje utazisikia brrrp hizo mpaka mkono uchoke kushika kifaa.

Usimshike popo kwa mkono wala kumchokoa kwenye jani, wanaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Na kifaa ukimaliza kifute umande ukitoe betri, maiki ikiingia unyevu inakufa kimyakimya. Leo jioni ukiwa nacho weka 70, simama karibu na mgomba wenye jani lililojikunja, saa 1 na robo.