Python na Pint: namba isitembee bila kizio chake

Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada, safari namba 143, iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 juu ya Kanada. Mjini Montreal matangi yalikuwa na lita 7,682, na safari ilihitaji kilo 22,300. Waliopiga hesabu walizidisha lita kwa 1.77, ambao ni uzito wa lita moja kwa ratili, wakalichukua jibu kama kilo. Wakaongeza lita 4,916, wakati zilitakiwa zaidi ya 20,000. Marubani waliishusha ndege Gimli, Manitoba, injini zikiwa zimezima, na hakuna aliyekufa.

Hesabu yenyewe ilikuwa ya kuzidisha na kutoa tu. Kilichokosekana ni kizio kando ya kila namba, na kazi hiyo ndiyo inayofanywa na maktaba ya Pint.

Hatua ya 1: Rejista moja tu

Sakinisha kwa `pip install pint`, kisha unda faili `vizio.py` itakayobeba rejista, yaani orodha ya vizio ambavyo Pint inavitambua:

```python
import pint
ureg = pint.UnitRegistry()
Q_ = ureg.Quantity
```

Faili nyingine zote ziandike `from vizio import ureg, Q_`. Usiunde `UnitRegistry` ya pili mahali pengine. Mita za rejista moja hazijumlishwi na mita za rejista nyingine: utapata `ValueError`, na utahangaika kutafuta kosa kwenye hesabu wakati liko kwenye mistari ya juu ya faili.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mafuta

```python
tangini = Q_(7682, 'liter')
densiti = Q_(1.77, 'lb/liter')
hitaji = Q_(22300, 'kg')

pungufu = hitaji - tangini * densiti
ongeza = (pungufu / densiti).to('liter')
print(round(ongeza.m_as('liter')))   # 20094
```

Densiti ni ileile 1.77 iliyotumika Montreal, lakini jibu limetoka sahihi. Pint iliona kwamba inatoa ratili kwenye kilo, ikageuza kwanza. Na ukijaribu `hitaji + tangini`, yaani kilo kujumlisha lita, inagoma na kutoa `DimensionalityError`.

Hapa kuna mtego mmoja. Ondoa `.to('liter')` na kizio cha jibu kitakuwa `kilogram * liter / pound`, ambacho ni sahihi lakini namba yake ni kama 9,114. Ukiichomoa namba hiyo kwa `.magnitude` utadhani ni lita, na umerudi kulekule Montreal. Ndiyo maana napendekeza usahau kabisa `.magnitude` na utumie `.m_as('liter')`, inayokulazimisha kutaja kizio unachokitaka kila unapotoa namba.

Hatua ya 3: Majina yanayodanganya

Katika Pint, `ton` ni tani ya Marekani, kama kilo 907. Tani yetu ya kilo 1,000 ni `tonne`. Vilevile `gallon` ni ya Marekani, lita 3.785; ile ya Uingereza, lita 4.546, huitwa `imperial_gallon`. Makosa haya hayatoi onyo lolote, kwa sababu tani zote mbili ni uzito na galoni zote mbili ni ujazo.

Gunia la mahindi nalo lina shida hiyo: Kenya huhesabiwa kilo 90, Tanzania kilo 100. Usisajili `gunia` tupu. Weka nchi ndani ya jina:

```python
ureg.define('gunia_ke = 90 * kilogram')
ureg.define('gunia_tz = 100 * kilogram')
Q_(40, 'gunia_ke').to('tonne')   # tani 3.6
```

Lumbesa usiisajili. Haina uzito mmoja, kwa hiyo ipimwe kwenye mizani na iingizwe kwa kilo. Debe nalo ni ujazo: ili upate kilo lazima uwe na densiti ya zao husika.

Hatua ya 4: Joto

`25 * ureg.degC` hutoa `OffsetUnitCalculusError`. Andika `Q_(25, 'degC')`. Sababu ni kwamba sifuri ya Selsiasi si sifuri ya Farenhaiti, hivyo kuzidisha peke yake hakutoshi. Tofauti ya joto ina kizio chake, `delta_degC`. Joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, limepanda kwa 18 za Farenhaiti. Lakini joto la nyuzi 10 lenyewe ni 50 za Farenhaiti. Kuongeza joto andika hivi:

```python
Q_(25, 'degC') + Q_(2, 'delta_degC')
```

Hatua ya 5: Linda milango

```python
@ureg.check('[mass]', '[area]')
def mavuno(uzito, eneo):
    return (uzito / eneo).to('tonne/hectare')

mavuno(Q_(18, 'gunia_ke'), Q_(1, 'acre'))   # karibu tani 4.0 kwa hekta
```

Anayepachika eneo mahali pa uzito atazuiwa kabla hesabu haijaanza. Kwenye hifadhidata, hifadhi namba tupu lakini jina la safu litaje kizio: `uzito_kg`, ijazwe kwa `uzito.m_as('kg')`. Safu iitwayo `uzito` tu itajazwa ratili siku moja na mtu asiye na nia mbaya.

Pint huchelewesha hesabu ukiizungusha namba moja moja mara maelfu. Kwa orodha ndefu, zifunge zote kwa pamoja katika NumPy, maktaba ya Python ya kuhesabu namba nyingi kwa mpigo, `Q_(np.array(orodha), 'kg')`, ili kizio kikaguliwe mara moja kwa orodha nzima.