Kabla hujaunganisha mikondo ya kozi yako kwenye mfumo, angalia haya kwanza

Kama unafundisha kozi moja mikondo mitatu na kila mkondo una ukurasa wake, tangazo unaliandika mara tatu, notsi unapandisha mara tatu, lazima utatamani kuiunganisha. Unganisha, ila angalia muda kwanza. Fanya kabla kozi haijafunguliwa kwa wanafunzi, kabla hata mmoja hajatuma asainmenti. Kwenye Canvas, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, ukihamishia mkondo kwenye kozi nyingine wanaohama ni wanafunzi, kazi zao hazihami, yani kwizi walizofanya na mafaili waliyotuma na maksi ulizowapa vyote vinabaki kule kozi ya zamani, na mwanafunzi akifungua kozi mpya anakuta hana kitu, hebu fikiria anavyojisikia wiki moja kabla ya mtihani. Semesta ikiwa imeshakolea mi nakushauri uvumilie tu mpaka ijayo.

Moodle, mfumo mwingine wa aina hiyo, yenyewe ni tofauti, kozi kubwa inaunganishwa na zile ndogo, wanafunzi wanaingizwa humo na mfumo wenyewe na kozi zao za mwanzo zinabaki pale pale. Sasa ukiziacha wazi zote wengine watatuma kazi huku wengine kule, kwa hiyo zile ndogo zifiche.

Halafu amua mapema ipi itakuwa kozi mama, maana vitu vyote vinakaa humo na mara nyingi jina lake ndio watakaloliona wote. Jina likiwa na namba ya mkondo A, wa mkondo B watadhani wamesajiliwa vibaya, libadilishe na uwaambie mapema.

Jambo ambalo wengi tunalipita ni faragha. Ukishaunganisha, watu ambao hawajawahi kukaa darasa moja wanaanza kuonana majina, kwenye mijadala hasa. Vyuo vingine vina masharti juu ya hilo, Marekani kuna sheria kabisa ya kulinda taarifa za wanafunzi, FERPA ya mwaka 1974, kwa hiyo uliza ofisini kwanza, na kama inabidi tenganisha mijadala kwa makundi. Dedilaini nazo, mkondo wa Jumatatu na wa Alhamisi wawekee kila mmoja ya kwake, na wasaidizi wako hakikisha kila mmoja anaona maksi za mkondo wake tu.

Ukimaliza, fungua kozi kwa mwonekano wa mwanafunzi, pitia kila ukurasa, ndio uwafungulie.