Kufunga tabo kwenye 1HZ: geji ya joto kwanza, skrubu ya pampu mwisho

Wiki haipiti bila mtu kuniletea mkonga gereji na ombi lile lile: "Fundi, nifungie tabo, gari limenichosha milimani." Mkonga wenyewe ni Land Cruiser 70 yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita kwenye mstari mmoja, haina tabo (ile pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi kusukumia injini hewa zaidi) tangu kiwandani. Niko Arusha, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na wateja wangu wengi ni madereva wa watalii wanaopanda Ngorongoro msimu mzima. Ukingo wa kreta uko kwenye mita 2,300 hivi. Pale juu presha ya hewa imepungua karibu robo ukilinganisha na Tanga, na injini inayojivutia hewa yenyewe inapungukiwa vivyo hivyo. Ule moshi mweusi unaouona nyuma ya gari lililojaa wageni ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungua nayo.

Kwa hiyo ombi lina maana. Ila kabla hujashika spana ujue unashughulika na nini. Toyota walipotaka injini ya tabo ya ukubwa huu, mwaka 1990, hawakubandika tabo kwenye 1HZ. Walitoa 1HD-T: kompresheni yake ni 18.6 kwa 1, dizeli inapulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, na chini ya pistoni kuna vijibomba vinavyozirushia oili zipoe. 1HZ ina kompresheni ya 22.4 kwa 1, dizeli inaanza kuungua kwenye kachumba kadogo ndani ya hedi (kichwa cha injini), na vile vijibomba haina. Inakubali tabo, na nimefunga nyingi zinazotembea mpaka leo, lakini haipendi joto. Presha ninayoweka ni baa 0.5 hadi 0.6. Ukitaka baa 1, tafuta 1HD-T ubadilishe injini nzima, itakutoka hela kidogo kuliko utakavyohangaika.

Hatua ya 1: Funga geji ya joto la moshi kabla hujanunua tabo

Najua unataka kuanza na tabo. Subiri. Nunua geji inayosoma joto la moshi wa ekzosi, ile yenye kitambuzi cha aina ya K. Fungua manifoldi ya ekzosi, toboa pale matawi yanapokutana, kata uzi wa 1/8 NPT, funga kitambuzi ncha yake ifike katikati ya njia ya moshi. Usitoboe manifoldi ikiwa kwenye gari. Vumbi la chuma ni rafiki mbaya sana wa tabo utakayofunga baadaye.

Sasa endesha wiki nzima bila tabo. Panda mlima unaoufahamu, gari likiwa na mzigo wako wa kawaida, uandike namba. Mimi natumia kipande cha kutoka Mto wa Mbu kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Rhotia, kwa sababu ni kirefu kiasi cha joto kutulia. Wengi wanashangaa hapa: gari ambalo halijawahi kuguswa linaweza kufika nyuzi 600 za Selsiasi na zaidi kwenye mlima huo. Ukisoma 700 injini ikiwa bado haina tabo, una tatizo tayari, na nozo, zile zinazopulizia dizeli, ndizo za kushukiwa kwanza.

Hatua ya 2: Pima injini, usiionee huruma

Pima kompresheni silinda zote sita, injini ikiwa ya moto na betri ikiwa na chaji ya kutosha. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi baa 5. Mimi nikikuta silinda hata moja chini ya baa 26, sifungi tabo, namrudishia mteja gari lake. Tabo haifufui injini iliyochoka.

Peleka nozo zikapimwe kwenye mashine. Nozo inayodondosha badala ya kupuliza ukungu itachoma kichwa cha pistoni, na ukiongeza tabo itachoma haraka zaidi. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya baridi, washa, angalia kama maji yanatoa mapovu mfululizo. Hedi za 1HZ zina tabia ya kupata ufa zikishachemsha mara mbili tatu. Rejeta iliyoziba, feni inayoteleza, taiming belti iliyovuka kilomita 100,000: vyote hivyo vinamalizwa kabla.

Hatua ya 3: Spea

Kama mfuko unaruhusu, chukua kit iliyotengenezwa kwa ajili ya 1HZ, yenye manifoldi ya chuma cha kumwaga. Za Australia zina sifa nzuri kwa sababu kule nako 1HZ imetumika sana. Manifoldi ya kuchomelea ya mabomba nimewahi kuijaribu. Ilipata ufa kabla mvua za masika hazijaisha. Zaidi ya hapo unahitaji gasketi mpya za chuma, stadi (bolti zisizo na kichwa) na nati mpya za ekzosi, hozi ya oili yenye wavu wa chuma, hozi nene za silikoni, klampu za bolti (zile za skrubu zinalegea), geji ya presha ya tabo, oili na filta.

Hatua ya 4: Kufungua manifoldi ya zamani

Stadi zimekaa pale miaka 20, zimeshika kutu. Ukilazimisha, inakatikia ndani ya hedi na siku yako imeisha. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu jana yake usiku. Asubuhi washa injini dakika tano, zima, kisha legeza robo, rudisha kidogo, legeza tena. Ikigoma kabisa ipashe nati moto, ile nati yenyewe, siyo stadi.

Safisha uso wa hedi kwa mkono. Weka rula ya chuma juu ya manifoldi mpya na uone kama mwanga unapita chini yake. Ukipita, ipeleke ikachongwe.

Hatua ya 5: Njia ya oili kurudi kwenye sampu

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, pamoja na yangu ya kwanza kabisa.

Oili inaingia kwenye tabo kwa presha, lakini ikitoka haina presha tena. Inaanguka kwa uzito wake tu, imechanganyika na hewa, kama povu la bia. Kwa hiyo bomba la kurudi linatakiwa liwe pana, milimita 16 kwenda juu, 19 ni bora, literemke moja kwa moja bila kona ya kupanda, na liingie kwenye sampu, karai la oili chini ya injini, juu ya usawa wa oili.

Mimi mara ya kwanza nilitoboa sampu chini mno. Nilijisemea tundu ni tundu. Gari likawaka vizuri, nikajisifu, mteja akaondoka. Siku ya pili akanipigia akiwa Karatu: moshi wa bluu kila akisimama. Nikaagiza sili za tabo, nikafungua, nikakuta tabo nzima haina tatizo lolote. Oili ilikuwa inashindwa kutoka kwa sababu mdomo wa bomba ulikuwa umezama, ikajaa ndani ya tabo ikatafuta njia ya kwenye ekzosi. Nilitoboa upya sentimita chache juu zaidi, kwa gharama yangu, na moshi ukaisha siku ile ile.

Basi fanya hivi. Jaza oili mpaka alama ya juu, pima kwa kijiti, kisha weka alama ya chaki nje ya sampu kuonyesha oili imefika wapi. Mwaga oili, shusha sampu. Ndiyo, ishushe, hata kama jirani yako anatoboa ikiwa juu ya gari huku amepaka grisi kwenye drili. Toboa juu ya ile chaki, chomelea kiungio, mwagia maji uone kama kinavuja, osha, rudisha.

Hatua ya 6: Oili ya kupanda, na maji

Chukua oili pale penye kitambuzi cha presha ya oili kwa kiungio cha T. Usizungushe tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye uzi: kipande kikikatika kinaziba tundu la kuingia na tabo inakufa ndani ya dakika. Tabo ya bushi za kawaida haihitaji kupunguziwa oili. Ya beringi za gololi inahitaji kizuizi chenye tundu la kama milimita 1. Tabo yako ikiwa na njia za maji, ziunge kwenye hozi za hita.

Hatua ya 7: Kuiweka tabo na kupanga hewa

Legeza sehemu ya katikati ya tabo uizungushe mpaka mdomo wa kutolea oili uangalie chini. Kuinama kidogo inaruhusiwa, nyuzi 30 ndiyo mwisho wangu.

Hozi inayotoka kwenye chujio la hewa iwe ngumu. Hozi laini inafyonzwa, inajikunja ikiwa na mzigo, wewe unabaki kutafuta nguvu zimepotelea wapi. Kila kiungo kabla ya tabo kizibwe kabisa kwa sababu vumbi la barabara zetu linakula mapanga ya tabo kama msasa.

Halafu kuna kitu ambacho nakuta kimesahauliwa kwenye gari nyingi zinazoletwa zimeshafungwa kwingine: hozi ya pumzi ya injini, ile inayotoka kwenye kifuniko cha vali kwenda kwenye manifoldi ya hewa. Ukiiacha pale, tabo itakuwa inapuliza presha kuingia ndani ya injini, na oili itaanza kutokea kwenye sili za kranki. Ihamishe iingie kabla ya tabo, kupitia kikopo cha kukamata oili, na tundu la zamani lizibe.

Breki usiogope. Dizeli hii ina pampu yake ya vakyumu ya kusaidia breki, haitegemei manifoldi ya hewa.

Hatua ya 8: Ekzosi

Bomba la inchi 3 kuanzia tabo mpaka mwisho, na kipande kinachonyumbulika karibu na mwanzo ili mtikisiko usipasue manifoldi. Mabomba ya breki na nyaya zilizo karibu na tabo zikingie kwa bati.

Hatua ya 9: Kuwasha

Tia oili mpya 15W-40. Mimina vijiko viwili kwenye tundu la oili la tabo, izungushe kwa kidole. Chomoa waya wa solenoidi inayokata dizeli, piga stata sekunde kumi, pumzika, piga tena, mpaka uone oili ikitoka kwenye bomba la kurudi ulilokuwa hujalifunga. Funga bomba, rudisha waya, washa. Liache sailensa, yaani linguruma bila kukanyagwa mafuta, dakika kumi. Usipige resi kumfurahisha mwenye gari.

Hatua ya 10: Barabarani, na ile skrubu

Rudi kwenye mlima wako ule ule, skrubu ya dizeli ikiwa haijaguswa. Presha ikifika baa 0.5 utaona joto la moshi limeshuka ukilinganisha na namba zako za wiki ya kwanza na moshi mweusi umepungua, kwa sababu dizeli ni ile ile na hewa imeongezeka. Wateja wengi hapa wanaridhika. Pale walipokuwa wakipanda na gia ya pili wanapanda na ya tatu.

Anayetaka zaidi, baada ya kilomita 500, nyuma ya pampu ya dizeli kuna skrubu ya mzigo kamili, ile inayoongeza dizeli, yenye nati ya kufungia. Weka alama ya rangi kwanza. Zungusha kuingiza moja ya nane ya mzunguko tu, funga nati, nenda mlimani, soma geji. Sailensa itapanda kidogo, irudishe kwenye mizunguko 650 hivi. Kitambuzi kikiwa kabla ya tabo, mimi nasimamia nyuzi 650 kwa mlima mrefu, na 700 ni kwa kugusa na kuachia. Kitambuzi kilichofungwa baada ya tabo husoma pungufu kwa nyuzi 100 au zaidi, usichanganye.

Niliwahi kuletewa injini iliyonoki ya gari nililofunga mwenyewe. Rangi yangu kwenye skrubu ilikuwa imekwanguliwa, mtu ameongeza karibu mzunguko mzima. Pistoni ya sita ilikuwa na tundu la kuingia kidole gumba, kingo zake zimeyeyuka laini kama mshumaa. Tabo ilikuwa nzima, nikaisafisha ikafungwa gari lingine.

Tangu hapo nachora mstari mwekundu kwenye kioo cha geji. Dereva mmoja mtu mzima aliniuliza ni wa nini.

"Mshale ukifika hapo, mzee, shusha gia."

"Nikishusha gia si napoteza mwendo, mwanangu?"

"Unapoteza, mzee."

Alicheka, lakini hushusha. Pia huiacha injini sailensa dakika moja au mbili akifika juu kabla ya kuzima, ili oili isiungulie ndani ya tabo, na anabadilisha oili kila kilomita 5,000.

Kilomita 500 za kwanza zikiisha, lete gari asubuhi likiwa limelala usiku kucha. Nati za manifoldi zinakazwa upya injini ikiwa ya baridi, klampu zote zinapitiwa, na klachi inajaribiwa kwa gia ya tano: ukikanyaga mafuta mizunguko ikapanda bila mwendo kupanda, andaa hela ya klachi.