Jinsi ya kupunguza methani inayovuja kwenye mtandao wa gesi wa mji, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mafundi na wahandisi wanaosambaza gesi asilia mjini: wenye mabomba chini ya barabara, vituo vya kupunguza presha, na mita ukutani kwa mteja. Kwetu Tanzania kazi hii bado ni changa. Gesi ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam mwaka 2004, bomba kubwa la kutoka Mtwara likazinduliwa 2015, na mabomba ya majumbani yako sehemu chache kama Mikocheni. Wenzetu wa Philadelphia Gas Works, shirika kubwa kuliko yote ya gesi yanayomilikiwa na miji kule Marekani, hadi leo wanahangaika na mabomba ya chuma cha kusubu (chuma kigumu kilichomiminwa kwenye kalibu) waliyoyarithi. Sisi tunaweza kujenga tabia njema mapema.

Kilo moja ya methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ikitoka bila kuungua huipasha dunia joto takribani mara 80 kuliko kilo ya kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 20, na takribani mara 30 kwa miaka 100. Hukaa angani kama miaka 12 tu, kwa hiyo ukiizuia leo, nafuu yake inaonekana ndani ya uhai wetu.

Fundi wa gesi hufundishwa kuuliza: mvujo huu ni hatari? Nakuomba uongeze swali la pili: mvujo huu ni mkubwa kiasi gani? Majibu ya maswali haya mawili mara nyingi hayafanani.

Hatua ya 1: Jua ulichofukia

Tengeneza orodha ya kila kipande cha bomba: kimetengenezwa kwa nini, kipenyo, mwaka kilipolazwa, presha yake, vali za kukifunga ziko wapi. Chuma cha kusubu huvuja kwenye viungio na hupasuka ardhi ikisogea. Chuma cha kawaida kisicho na kinga huliwa na kutu. Plastiki ya PE (polithini) haishiki kutu, lakini kiungio kilichochomelewa vibaya kitavuja tu. Plastiki pia haionekani kwa kitafuta-bomba, ndiyo maana hulazwa pamoja na waya wa kuifuatilia. Pima kama waya huo bado una mawasiliano kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikatika, bomba limepotea.

Hatua ya 2: Nenda ukatafute

Usisubiri mteja apige simu. Methani haina harufu. Harufu unayoijua ni dawa iliyotiwa, na udongo unaweza kuinyonya dawa hiyo gesi ikipita. Tembea juu ya mkuza wa bomba (ukanda wa ardhi linamopita) na kifaa kinachosoma sehemu kwa milioni, si kile kinachosoma asilimia ya kiwango cha kulipuka peke yake, maana hicho hakigutuki kwa mivujo midogo. Pima kwenye mifuniko ya chemba, nyufa za lami, kingo za barabara, matundu ya nguzo. Majani yaliyokauka mviringo katikati ya nyasi za kijani ni dalili nzuri: gesi imeifukuza oksijeni kwenye mizizi.

Wakati wa masika uwe makini zaidi. Udongo ukishiba maji, gesi hukosa pa kutokea juu, hutambaa pembeni na kufuata mfereji wa nyaya au bomba la maji taka. Unaweza kuisoma mbali kabisa na tundu lenyewe. Toboa vishimo vidogo kwa mtaimbo kufuata mstari wa bomba, ingiza ncha ya kifaa, na ufuate usomaji unaopanda. Kabla ya kupiga mtaimbo, hakikisha unajua bomba na nyaya za umeme ziko wapi.

Kwa mita, regulata (kifaa cha kupunguza presha) na vali za juu ya ardhi, maji ya sabuni bado ni mfalme. Paka kiungio chote, subiri, angalia povu.

Hatua ya 3: Hatari kwanza

Methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Ukiisoma ndani ya nyumba, chini ya sakafu au ndani ya chemba iliyo karibu na watu: toa watu, usiguse swichi, zuia magari, funga vali, piga simu. Hapa hakuna mjadala wa mazingira.

Hatua ya 4: Sasa pima ukubwa

Hapa ndipo mashirika mengi huishia njiani. Marekani mivujo hupangwa daraja la 1, 2 na 3. La 3 ni ule usiotishia mtu, na kwa miaka mingi ulikuwa ukiangaliwa tu, mwaka baada ya mwaka, bila kuzibwa. Utafiti uliochapishwa 2016 ulipima mivujo 100 ya mabomba ya chuma cha kusubu eneo la Boston. Saba tu kati ya hiyo ilitoa nusu ya methani yote. Na mvujo mkubwa unaweza kuwa katikati ya uwanja ambako hakuna nyumba, kwa hiyo hakuna anayeuharakishia.

Jimbo la Massachusetts likachukua njia rahisi ambayo hata sisi tunaimudu: pima eneo. Anzia penye usomaji wa juu, tembea pande nne hadi kifaa kisome sifuri, weka alama ya chaki, kisha zidisha urefu kwa upana. Kule, mvujo unaoenea futi za mraba 2,000 au zaidi, yaani takribani mita za mraba 186, huhesabiwa kuwa na madhara makubwa kwa mazingira na hupewa muda wa kuzibwa hata kama si hatari kwa watu.

Kwa vali ya usalama inayopitisha gesi kituoni, tumia mfuko usiozalisha cheche, wenye ujazo unaojulikana, na saa. Mfuko wa lita 100 ukijaa kwa dakika moja, hiyo ni mita za ujazo 144 kwa siku, karibu kilo 96 za methani. Iache mwaka mzima, umepoteza tani 35. Mpira wa kuziba ndani ya vali hiyo ni kitu cha kushika kiganjani.

Hatua ya 5: Ziba kwa mpangilio

Baada ya mivujo ya hatari, anza na mikubwa. Kiungio kimoja zibeni. Lakini mkirudi kuchimba mtaa uleule kila msimu, acheni viraka, badilisheni bomba. Uingereza ilianza mwaka 2002 mpango wa miaka 30 wa kuondoa mabomba ya chuma yaliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye majengo. Kwa PE, usafi ndio kila kitu: kwangua ngozi ya juu ya bomba, usiguse kwa mkono sehemu iliyokwanguliwa, libane vizuri, na usilitikise hadi muda wa kupoa uishe. Vumbi na haraka ndivyo vinavyozaa mvujo wa kesho.

Hatua ya 6: Gesi mnayoimwaga wenyewe

Kila mnapotoa gesi kwenye kipande ili mkitengeneze, hiyo ni methani ya makusudi. Chukua bomba la kilomita moja, kipenyo cha ndani milimita 150, presha ya bar 4. Ukilifungulia hewani unamwaga takribani mita za ujazo 71, kama kilo 47. Lakini ukifunga vali ya juu mapema na kuacha wateja wa chini waitumie mpaka presha ishuke hadi bar 1, unamwaga robo tu ya hiyo. Kinachohitajika ni ratiba, na kutowakatia wateja ghafla. Iliyobaki iunguzeni kwa mwenge badala ya kuiachia. Na kwenye PE, kubana bomba kwa mashine pande mbili za kazi hufupisha kipande kinachomwagwa.

Vituoni, angalia vidhibiti vinavyoendeshwa kwa presha ya gesi yenyewe: vingi hupumua methani mchana na usiku. Vibadilisheni kwa hewa iliyoshindiliwa au umeme.

Hatua ya 7: Kijiko cha mkandarasi

Kijiko kikigonga bomba, saa moja inaweza kufuta kazi ya miezi. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, kaa na wenyeviti, wape namba ya simu inayopokelewa usiku. Kutana na wa maji, wa barabara na wa nyaya za simu kabla hawajaanza kuchimba, na fundi wako asimame pale pale shimo likichimbwa karibu na mkuza.

Hatua ya 8: Rudi ukapime

Gesi hubaki kwenye udongo baada ya kuziba. Rudi baada ya wiki chache. Usomaji usiposhuka, kuna tundu la pili karibu. Andika eneo au kilo kabla na baada, kwa kila mvujo. Usitegemee hesabu ya gesi isiyojulikana ilipoenda, kwani ndani yake mna makosa ya mita, joto na wizi pia. Daftari la mivujo, lenye ukubwa wa kila mmoja, ndilo la kupeleka kwenye kikao cha bajeti.