Sauti ya mahojiano ya video: maiki ikae wapi, iwekwe kiwango gani

Video nyingi huharibiwa na maiki iliyo juu ya kamera, hata kama ni ya bei kali. Mzungumzaji amekaa mita mbili mbele, kwa hiyo pamoja na maneno yake maiki inabeba feni, bodaboda za barabarani na mwangwi wa kuta. Kila unapopunguza umbali kwa nusu, sauti yake hupanda kwa takriban desibeli 6, ilhali kelele za chumba zinabaki palepale. Ndiyo maana maiki ndogo ya kubana kwenye nguo huishinda ya ghali iliyo mbali.

Ukinunua hiyo ya kubana, angalia pini kwanza. Pini ya milimita 3.5 yenye mistari mitatu ni ya simu. Yenye miwili ni ya kamera na vinasa sauti. Ukichomeka ya mistari miwili kwenye simu bila adapta, mara nyingi simu haiitambui na inaendelea kurekodi kwa maiki yake ya ndani, wala haikuambii. Kuhakikisha ni rahisi: rekodi huku ukikwaruza maiki kwa ukucha, kisha kwaruza sehemu ya chini ya simu, halafu sikiliza ni wapi palipokwaruza kwa nguvu.

Bana maiki kifuani, shibiri moja hivi chini ya kidevu. Ukiipandisha hadi shingoni, kidevu kinaizuia na sauti inakuwa nzito, kama mtu anaongea ndani ya debe. Mzungumzaji akimtazama mwulizaji aliye kulia kwake, maiki ihamie kulia pia. Chini ya kibanio, kunja waya kitanzi kidogo na ukibandike kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ili waya ukivutwa mtikisiko uishie hapo. Mvulie mkufu na kadi ya kazi. Aliyevaa hijabu au buibui, maiki ikae chini ya kitambaa: kunja vipande viwili vya utepe wa kitambaa wenye gundi viwe pembetatu zinazonata pande zote, kimoja kikiishika nguo ya ndani na kingine hijabu, maiki ikiwa katikati. Vitambaa visipoteleza juu ya maiki, mkwaruzo unakwisha. Nailoni na hariri bandia zina kelele zaidi kuliko pamba, kwa hiyo mpigie simu siku moja kabla, umwambie avae nini.

Kwenye kinasa sauti chagua WAV (aina ya faili isiyobana sauti), kilohezi 48, biti 24. Kilohezi 44.1 ni desturi ya muziki. Video hutumia 48. Zima urekebishaji wa sauti wa kujiendesha. Huo ndio unaofanya feni ivume kila msemaji anaponyamaza: kifaa hakisikii neno, kinapandisha gaini (kiwango cha kukuza sauti inayoingia), na kelele inapanda nayo. Weka gaini kwa mkono hadi vilele vya mazungumzo vicheze kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo. Usimjaribu kwa “moja, mbili, tatu”, maana watu huhesabu kwa sauti ndogo. Muulize jana alikula nini, na ukimwona ni mtu wa kucheka, shusha gaini kidogo zaidi. Sauti ikigonga sifuri inapasuka, na iliyopasuka hairudi vizuri hata kwa programu.

Sasa chumba. Sebule ya vigae na kuta tupu ina mwangwi ambao maiki haiwezi kuukwepa. Funga mapazia, tandika godoro au mablanketi sakafuni mahali kamera haioni, na msemaji asikae katikati kabisa ya chumba wala kuuegemea ukuta. Zima feni na kiyoyozi. Friji ichomolewe, na funguo za gari ziwekwe humo ndani; hutaondoka bila kukumbuka kuirudisha kwenye umeme. Mvua juu ya bati haina dawa, subirini ipite. Palipo na msikiti jirani, uliza saa za adhana, kwa sababu adhana iliyokatwa katikati na mhariri inasikika vibaya kuliko iliyoachwa nzima. Nje, sponji ya maiki haitoshi kwa upepo wa pwani, ivishe maiki kifuniko cha manyoya.

Vaa hedifoni za kufunika masikio muda wote. Mshale wa kipimo unaonyesha kwamba kuna sauti. Hauwezi kukuambia ni ya mtu au ya shati.

Kama kinasa sauti ni tofauti na kamera, piga kofi moja mbele ya lenzi mwanzoni na jingine mwishoni. Saa za vifaa viwili hazilingani kabisa, na katika rekodi ya saa nzima midomo inaweza kuachana na maneno. Kofi la mwisho linaonyesha zimepishana kiasi gani.

Kabla watu hawajainuka, rekodi sekunde 30 za ukimya, maiki ikiwa bado kifuani. Mhariri ataziba kwa ukimya huo kila pengo alipokata “aaa”. Kisha fungua faili, sikiliza mwanzo, katikati na mwisho, ndipo umvue maiki.